Kumhesabia Mama Matonge

Mjukuu wangu ameniuliza kama ahesabu kalori. Anataka kupungua, anataka kula vizuri, na kwa kuwa mimi nilivaa nguo nyeupe ya hospitali miaka mingi, anadhani jibu ninalo mfukoni. Nilimwambia hesabu ukitaka, kichwa ni chako. Akacheka, akaenda zake. Mimi nikabaki na hasira isiyomhusu yeye hata kidogo, maana swali lake lilinirudisha Kabambare, kwenye ua wetu, na hamu iliyonishika ilikuwa kali hata chakula cha mchana kikanishinda.

Basi niseme. Ni mambo ya wakati wa Wabelgiji, miaka yao ya mwisho, ingawa sisi hatukujua kama ni ya mwisho. Kijiji chetu kilikuwa kando ya barabara, na kutoka kwetu hadi Wamaza ulikuwa mwendo wa miguu wa tangu alfajiri hadi mchana. Baba alikufa nikiwa bado sijaota meno ya pili. Katika ua walibaki wanawake wawili. Mmoja ni mama. Wa pili ni shangazi, dada yake baba, ambaye mume alimrudisha kwao kwa sababu hakujaliwa mtoto. Alirudi na kikapu kimoja, akapewa chumba cha nyuma, na mimi ndiye niliyekuwa mtoto wake. Mama alipokuwa kwenye shamba la pamba, ile pamba ya serikali ambayo kila nyumba ililazimishwa kulima, shangazi ndiye aliyenibeba mgongoni akitwanga. Mpaka leo nikisikia mtwangio najisikia kulala.

Mama na shangazi walikula sahani moja. Sisemi chakula kimoja, nasema sahani moja, ya bati la emaye nyeupe, imebanduka rangi ukingoni. Jua likianza kulegea walikaa chini, miguu wameinyoosha, bukari, yaani ugali wa mihogo, katikati, sombe ya majani yake pembeni inang'aa mawese, na samaki mkavu siku za bahati. Mikono miwili, ule mnene wa mama na ule mkavu wa shangazi, inapishana bila kugongana. Shangazi ndiye aliyemchambulia mama samaki, kwa kuwa macho ya mama yalikuwa hayaoni miiba vizuri. Mama naye alimsogezea shangazi mafuta yaliyotuama upande wake. Na tonge la mwisho lilikuwa na kesi yake kila siku.

"Wifi, kamata ile, iko upande yako," mama angeanza.

"Miye nimeshiba."

"Uongo. Weye haujashiba hata siku moja tangu nikujue."

"Basi kama ni vile, kula weye, upate nguvu ya kunitukana."

Wangeweza kukaa hivyo, tonge linapoa, mpaka mimi nilichukue nilile. Nadhani nilinenepa utoto wangu wote kwa matonge yale ya mwisho. Wakati ule niliona ni mambo ya kawaida tu, wanawake wawili wanakula. Leo natamani kuwaona tena hata kwa muda wa tonge moja, natamani vibaya, kama mtu mwenye kiu.

Nilipokuwa mkubwa kidogo masista walinichukua Kasongo. Nilisoma kwao, nikalala kwao, kisha nikafundishwa kazi ya kusaidia wazazi kujifungua hospitalini. Nilikaa huko miaka mingi kuliko niliyokaa nyumbani nikiwa na akili. Nalisema hili si kujitetea. Au labda ni kujitetea, sijui.

Mwaka mmoja mama aliletwa Kasongo juu ya kamyo, lori la pamba, amekaa kati ya magunia, midomo imekuwa ya kijivu. Alikuwa amenenepa sana, miguu imevimba, na akipanda ngazi moja anasimama kutafuta pumzi. Dokta, Mbelgiji mrefu mwenye mikono baridi, alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akaniita.

"Mama yako iko mzito sana," alisema kwa Kiswahili chake. "Moyo yake inachoka kubeba. Kama hapungui, moyo itasimama."

Alimpa dawa ya kutoa maji miguuni. Mimi alinipa karatasi. Ilikuwa ya Kifaransa, imepigwa mashine: mkate, siagi, viazi, jibini, nyama ya ng'ombe, na mbele ya kila kimoja namba ya kalori zake. Chini kabisa aliandika kwa kalamu namba ambayo mama hakutakiwa kuivuka kwa siku. Alinieleza kwamba kalori ni kama kuni: chakula ni kuni za mwili, na mama alikuwa amerundika kuni ambazo hazichomi. Nilielewa vizuri sana. Bukari haikuwemo kwenye karatasi. Sombe haikuwemo. Mawese, mbika za mbegu za maboga, kumbikumbi, ndizi za kuchoma, hakuna hata kimoja. Mtu mwingine angeitazama karatasi ile akajua haikuandikwa kwa ajili yetu, lakini mimi nilikuwa na miaka ishirini, na nilikuwa na viatu.

Nilipewa konje, likizo ya mwezi mmoja, nimrudishe mama nyumbani na kumfundisha kula. Sista mkuu aliniazima mizani ya kupimia watoto wachanga, ile ya kutundika, yenye kitambaa cha kumlaza mtoto. Nikapanda kamyo na mama yangu, karatasi yangu na mizani yangu, najiona mimi ndiye nitakayemtoa kaburini.

Na nilimtoa. Nalisema mapema ili msomaji asikae akingoja jeneza la mama. Alipungua, alipona pumzi, aliishi miaka mingi baada ya pale, na dokta alijisifu sana. Hesabu ilifanya kazi. Ndiyo maana mjukuu wangu nilishindwa kumkataza.

Siku ya kwanza niliitundika mizani kwenye boriti ya baraza, nikaweka bukari kwenye kitambaa cha mtoto. Wanawake wa jirani walikuja kutazama. Kwetu hapakuwa na ua wa miti kati ya nyumba na nyumba. Ukipiga chafya, watu wa nyumba ya tatu wanakuombea heri.

"Kumbe amezaa," alisema mmoja.

"Kilo ngapi? Mbona halii?"

"Iko anafanana na baba yake," alisema shangazi, na yeye ndiye aliyecheka kuliko wote, mpaka akajifuta macho kwa kitenge. Nilikasirika, lakini nilicheka pia. Ile ndiyo siku ya mwisho niliyomsikia akicheka vile.

Nilipata uzito wa tonge moja la mama, nikakisia kalori zake kwa kulinganisha na viazi vya Wazungu, nikajua mama ale matonge mangapi. Sasa tabu ikaanza. Nani anajua nani amekula mangapi kwenye sahani ya watu wawili? Jioni nikakaa karibu yao na maharage mkononi. Mama akichovya tonge, naweka harage moja kwenye kaye, daftari langu. Akichovya tena, harage la pili. Shangazi alinitazama mara moja, mara mbili, kisha mkono wake ukapunguza mwendo.

Kwetu, kumhesabia mtu matonge ni neno la ugomvi. Mtu akikwambia fulani ananihesabia matonge, amekwambia kwamba fulani ni mchoyo, amemchoka, anataka aondoke. Na shangazi alikuwa mtu aliyerudishwa kwa kaka yake, akala chakula cha nyumba ile miaka yote bila mtoto wa kumsemea. Aliweka tonge lake chini.

"Unanihesabia, mwanangu?"

"Si wewe, shangazi. Namhesabia mama. Ni dawa."

"Ah," alisema. "Ni dawa." Akanawa mikono kabla bukari haijaisha.

Nikaona kweli nimemkosea. Na nikatafuta njia ya kumwondolea aibu ile, Mungu ananijua, nilikuwa namwonea huruma. Kesho yake nilimpikia mama peke yake, chungu kidogo, sombe bila mawese, na nikampa sahani yake mwenyewe, ndani ya nyumba, mbali na baraza. Kwa namna hiyo, nilijiambia, shangazi atakula kwa uhuru bila macho yangu. Mama alitazama sahani, akanitazama, akasema, "Wifi yangu iko wapi?" Nikamwambia anakula nje. Mama akala. Alikuwa ameogopa kwa yale maneno ya dokta kuhusu moyo kusimama, na alinitii kama mtoto.

Nilichokisahau, au nilichokuwa sijakaa nyumbani muda wa kutosha nikijue barabara, ni hiki. Kwetu mgonjwa akitengewa sahani, watu hawaulizi anaumwa nini. Wanauliza alikuwa akila na nani. Mtu hawezi kuugua miaka miwili, akapelekwa kwa dokta wa Kasongo, akarudi, halafu binti yake mwenyewe, mtu wa hospitali, aliyesoma, akamtoa kwenye sahani aliyokula na wifi yake miaka ishirini, ikawa bure tu. Binti ameambiwa kitu kule. Na wifi mwenyewe ni nani? Ni mwanamke asiye na mtoto, anayelala chumba cha nyuma. Sikuhitaji kutamka neno ulozi. Sahani ilikuwa inalitamka kila jioni, na mimi niko ndani nagawa matonge.

Siku tano au sita zilipita hivyo. Kisha shangazi akafanya kosa la mapenzi. Alimsikia mama akilalamika kwamba sombe bila mafuta ni majani ya mbuzi. Mchana, nikiwa naanua nguo, nilimwona ameinama kwenye chungu cha mama, mfuniko mkono mmoja, kibuyu mkono wa pili, anamimina. Nikapiga kelele, kelele hasa.

"Shangazi, unamtilia mama nini mle ndani?"

Wanawake waliokuwa wanatwanga nyumba ya pili waliacha. Nakumbuka jinsi mitwangio ilivyonyamaza yote pamoja. Shangazi alisimama na kibuyu chake.

"Mafuta, mwanangu," alisema. "Ni mafuta tu." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejitetea, na alipojisikia mwenyewe alikiweka kibuyu chini.

Hata pale ningeweza kuponya. Ningechukua kijiko nikaonja mbele yao. Badala yake nikaanza kuwaelezea watu kalori, mafuta yana kalori nyingi kuliko chakula chote, dokta amekataza. Nani alikuwa anasikiliza kalori? Na huku naongea nikabeba kile chungu, nikakimwaga nyuma ya nyumba. Kuku wakaja kula. Nilipogeuka niliona wale wanawake hawanitazami mimi wala shangazi. Walikuwa wanawatazama kuku.

Kuku hawakufa, bila shaka. Haikusaidia kitu. Tangu siku ile mtoto akichezea baraza ya shangazi, mama yake anamwita taratibu, kwa jambo jingine. Shangazi akienda kisimani, wengine wanakumbuka wana kazi nyumbani. Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana, angejibu, maana mdomo alikuwa nao. Jumapili kanisani benchi lake lilikuwa na nafasi pande zote mbili, na mimi nilikuwa nimekaa benchi la nyuma yake, naitazama shingo yake, na bado sikuelewa. Nilidhani ananikasirikia mimi tu.

Aliondoka siku ya tatu baada ya Jumapili ile. Alimuaga mama mlangoni, hakuingia. Alisema anakwenda Wamaza kwa watu wa ukoo wa mama yake, kuna mjomba anaumwa. Hapakuwa na mjomba anayeumwa. Mama alijua, na alisimama mlangoni mpaka kitenge cha shangazi kilipopotea kwenye mkunjo wa barabara. Kisha aligeuka, akaniambia lile ambalo kijiji kizima kilikuwa kimelijua kwa juma zima. Aliniambia polepole bila hasira, kama unavyomweleza mgeni desturi.

Mama hakukataa hesabu yangu hata siku moja. Hilo ndilo lililokuwa likinichoma. Alikula matonge niliyompa, alikula na ile sombe yangu ya majani ya mbuzi. Nguo zikaanza kumlegea. Vifundo vya miguu vikaonekana tena, midomo ikapata rangi. Jumatatu moja alitembea asubuhi mpaka mtoni na kurudi, bila kusimama njiani. Alikaa barazani, akasikiliza pumzi yake kama mtu anayesikiliza kama mvua imeisha, akasema, "Sasa ninaweza kufika Wamaza."

Kesho yake, usiku haujaisha vizuri, alikuwa amekwisha kupika. Alipika yeye, sikuruhusiwa kusogea: bukari, sombe ya mawese mengi, na samaki mkubwa mkavu aliyemtafuta kijiji kizima. Alifunga vyote kwenye majani ya mgomba, nikabeba mimi. Tulitembea tukipumzika, jua likatukuta njiani, na tulipofika Wamaza lilikuwa juu ya utosi.

Shangazi alikuwa anamenya mihogo nyuma ya nyumba ya watu. Alikuwa amekonda kuliko mama, ingawa yeye hakuna aliyemhesabia. Walishikana mikono muda mrefu. Kisha mama akafanya alilolijia. Aliomba sahani, moja. Akaenda kukaa nayo mbele ya nyumba, upande wa barabara, ambapo kila mtu anapita. Akafungua majani, akamwaga chakula, akaita maji ya kunawa. Watu walianza kusimama. Alitaka wasimame.

"Wifi," alisema kwa sauti ya kusikika, "kuja tukule."

Shangazi alikaa. Alinawa mikono. Nilidhani yameisha, nilitaka kuimba. Akamchukua yule samaki, akamchambua mwiba kwa mwiba kama zamani, akaweka nyama yote upande wa mama. Kisha akafuta vidole kwenye kitenge, bila kuvilamba, akaweka mikono mapajani.

"Na weye," alisema mama.

"Kula, wifi."

"Kula mara moja tu. Waone."

"Leo wataona," alisema shangazi, na alisema kwa upole, chini chini, sisi tu tusikie. "Lakini moyo yako iko mugonjwa, munganga ya Kasongo alisema. Siku moja utalala hautaamuka, ata kama miaka kumi inapita. Siku ile watauliza alikula na nani. Leo wataisahau. Miye sitaki kuwa ule mutu, wifi. Sina mutoto wa kunisemea."

Nilipiga magoti nikamwomba radhi. Alinishika kichwa, akasema hana neno na mimi, akaniita mwanangu kama siku zote. Lakini mkono hakuutia. Mama alikula peke yake, watu wakitazama, matonge matatu au manne, kisha akashindwa. Bukari iliyobaki wakapewa watoto wa nyumba ile. Baadaye walikaa wawili wakamaliza kumenya mihogo, wakaongea habari za watu waliokufa na waliooa, na shangazi alitusindikiza mpaka nyumba ya mwisho. Kurudi pamoja nasi alikataa kwa sababu hiyohiyo. Hakurudi tena kwetu, na hawakula tena pamoja, miaka yote iliyobaki ya wote wawili.

Tulirudi njia ileile. Kuna kilima kati ya Wamaza na kwetu ambacho asubuhi tulikipumzikia mara mbili. Mama alikipanda moja kwa moja, mimi nikimfuata na majani matupu ya mgomba. Juu alisimama, si kwa kuchoka.

"Umeona?" aliniambia. "Sijapumzika. Hesabu yako ni nzuri, mwanangu."

Tulitembea hatua nyingi.

"Sasa nitakula na nani?" aliuliza.

"Na mimi, mama," nikamjibu. Konje yangu ilikuwa imebaki siku mbili.